Namna ya Kulisema Tatizo Upya Ili Upate Pa Kuanzia: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu maswali ni yale yale kila ninapokaa na kikundi kipya cha kuweka na kukopa, iwe Majengo au Pasua hapa Moshi, au Ngaramtoni kule Arusha. La kwanza huwa: "Kwani maneno yatalipa deni?" Hayatalipa. Deni la laki tatu litabaki laki tatu hata ulitaje kwa maneno gani. Kinachobadilika ni mwendo wa anayedaiwa. Anayesema "nimekwisha" hubaki amekaa, kwa sababu aliyekwisha hana la kufanya. Anayesema "nadaiwa laki tatu na watu wawili, na mmoja wao amekubali kusubiri hadi kahawa iuzwe" ameshajua kesho asubuhi aanzie mlango wa nani.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo huulizwa na watu makini: je, huku si kujidanganya? Ingekuwa kujidanganya kama tungetafuta maneno matamu. Kusema upya ninakokueleza hapa kuna kipimo kimoja tu, kwamba sentensi mpya iwe ya kweli kuliko ile ya zamani. Ikiwa inapendeza zaidi lakini haina ukweli zaidi, ifute. Ndiyo maana siihesabu kuwa kazi ya maana ile tabia ya kuliondoa neno "tatizo" na kuweka "changamoto". Neno hilo limetumika mno katika vikao hadi watu wanaweza kusema "tuna changamoto ya maji" na kikao kikafungwa bila yeyote kutaja ni bomba lipi lililopasuka, limepasuka lini, na nani amepelekewa taarifa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari na kalamu. Simu inaweza kutumika, lakini kwenye simu ukifuta sentensi ya zamani inapotea, na kazi hii inahitaji uzione zote mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya.

Chagua tatizo moja. Watu wengi huja na furushi zima, yaani ada, mume, mguu unaouma na mpangaji asiyelipa, halafu hushangaa kwa nini kalamu haitembei. Kwa mara ya kwanza chukua tatizo la ukubwa wa kati, lisilo kubwa kuliko yote uliyo nayo.

Tenga nusu saa isiyo na wageni. Tafuta pia mtu mmoja wa kukuuliza maswali. Asiwe mtu unayemdai wala anayekudai, na asiwe yule ambaye kila ukimwambia jambo hukimbilia kukupa pole. Pole ina mahali pake, ila hapa unamhitaji mtu atakayekuuliza "wangapi?" na "lini?"

Mwisho, tumia lugha unayolalamikia. Kama ukiwa peke yako unalia kwa Kichaga, Kimeru au Kimaasai, basi andika malalamiko yako kwa lugha hiyo kwanza, kisha ufanye hatua zinazofuata kwa Kiswahili. Sababu nitaitaja punde.

Nadharia, kwa ufupi

Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu. Watu waliambiwa wafikirie ugonjwa unaotishia kuua watu 600. Kundi moja lilipewa mipango miwili: wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, wa pili una nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote 600, na nafasi mbili kati ya tatu za kutomwokoa hata mmoja. Asilimia 72 walichagua ule wa hakika. Kundi lingine lilipewa mipango ile ile kwa maneno ya vifo: katika wa kwanza watakufa watu 400 kwa hakika, katika wa pili kuna nafasi moja kati ya tatu ya kutokufa mtu yeyote, na nafasi mbili kati ya tatu za kufa wote. Safari hii asilimia 78 waliukimbia ule wa hakika wakachagua kubahatisha. Hesabu haikubadilika hata kidogo, maana 600 ukitoa 400 ni 200.

Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake walionyesha kwamba mvuto huo wa maneno ulififia pale watu walipopewa swali hilo kwa lugha ya kigeni waliyojifunza baadaye. Inaelekea lugha tuliyonyonya nayo hubeba hisia nyingi zaidi, na ile tuliyoijia ukubwani hutupa nafasi ya kupima. Kwa wengi wa vijiji vya mlimani Kiswahili hakiko mbali kama lugha ya kigeni, lakini nimeona mara nyingi kwamba mtu akihamisha malalamiko yake kutoka Kichaga kwenda Kiswahili, huanza kuhesabu palepale. Nadharia inatosha.

Hatua ya 1: Yaandike malalamiko kama yanavyotoka mdomoni

Usiyasafishe. Usimwachie mtoto aliyesoma akuandikie kwa Kiswahili cha ofisini, kwa sababu atayaondoa maneno ambayo ndiyo tunayoyatafuta. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho wa mwongozo: mama anayenunua mikungu ya ndizi Mwika na kuiuza soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Bei ni za mfano, ila hali hii wafanyabiashara wa ndizi wanaifahamu vizuri. Aliandika hivi:

"Biashara yangu imekufa. Nuksi imeniandama tangu Krismasi. Wateja wote wamenikimbia. Siwezi kulipa marejesho, wataniaibisha kikundini."

Sentensi nne, na zote anaziamini. Usizicheke, wala usimwambie asiongee hivyo. Kwanza ziandikwe.

Hatua ya 2: Pigia mstari maneno yanayofunga njia

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, kwa hiyo usiiharakishe. Maneno yanayofunga njia ni yale ambayo ukishayasema hakuna swali linaloweza kufuata. Kuna aina kadhaa, na Kiswahili chetu cha kila siku kina hazina kubwa ya kila aina.

Yako maneno ya jumla: wote, kila siku, siku zote, hata mmoja, kamwe. "Wateja wote wamenikimbia" haiachi mteja wa kumfuata. Yako maneno ya hukumu, kama vile imekufa, mzembe, mkaidi, kichwa kizito. Hukumu ni mwisho wa kesi, na baada yake watu hutawanyika.

Yapo pia maneno ya nguvu zisizo na sura: nuksi, mkosi, hali ngumu, vyuma vimekaza. Hapa naomba nieleweke. Sibishani na imani ya mtu, na mwenye kusali aendelee kusali. Ninachosema ni kwamba "vyuma vimekaza" haikuambii ni chuma gani, kimekaza wapi, na spana ipi inahitajika. Watu tumeizoea kwa sababu inatuunganisha, maana ukiisema kwenye daladala abiria wote wanaitikia kwa kichwa. Inafariji. Kwenye daftari, hata hivyo, ipigie mstari.

Aina ya mwisho ni vitenzi vinavyomficha mtendaji. Lugha yetu inaturuhusu kusema "hela imeisha", "simu imepotea", "sahani imevunjika", "muda umekwenda", na mambo yakawa kana kwamba yamejitendea yenyewe. Kwa jirani ni adabu kusema hivyo, kwa sababu hatumwaibishi mtu. Lakini mtu anapojiambia "hela imeisha" kila tarehe kumi, hataona kamwe ni nani aliyeitumia na kwa nini.

Onyo: usipige mstari chini ya maneno ya maumivu, kama "naumia", "naogopa" au "nimechoka". Hayo ni taarifa za kweli kuhusu wewe. Yaache yalivyo.

Mama wa ndizi alipigia mstari "imekufa", "nuksi", "wote" na "siwezi".

Hatua ya 3: Mahali pa kila neno ulilolipigia mstari, weka namba, mtu au siku

Hapa ndipo mwenzako anapofanya kazi yake ya kuuliza. Haya ndiyo yaliyotokea kwa mama wa ndizi alipoulizwa polepole.

"Imekufa" maana yake nini? Kabla ya Krismasi alinunua mikungu 12 kila safari, sasa ananunua 7. Kila mkungu humgharimu wastani wa shilingi 10,000 na humpa faida ya 3,000, kwa hiyo faida ya safari moja imeshuka kutoka 36,000 hadi 21,000. Imepungua, tena sana, lakini kitu chenye faida ya 21,000 hakijafa.

"Wote wamenikimbia" ni akina nani? Aliwataja wawili tu waliohamia kwa muuzaji mwingine. Mwenzake akamuuliza swali ambalo mwenyewe hakuwa amejiuliza: je, zile ndizi saba hubaki? Akajibu kwamba hazibaki, huisha kabla ya saa nane mchana. Wateja basi wapo. Ndizi ndizo hazipo.

Kwa nini ananunua saba? Kwa sababu mtaji uliokuwa 120,000 sasa ni 70,000. Zile 50,000 zimekwenda wapi? Wakati wa sikukuu aliwapa mama lishe watatu ndizi kwa mali kauli, yaani walipe baadaye, kwa ajili ya mtori na ndizi nyama, nao wanadaiwa 28,000, 15,000 na 9,000. Jumla ni 52,000.

Kwa hiyo sentensi mpya ikawa: "Shilingi 52,000 zangu ziko kwa mama lishe watatu, kwa hiyo nanunua mikungu saba badala ya kumi na miwili, na faida ninayopata haitoshi chakula cha nyumbani na marejesho ya 20,000 kwa wiki." Ni ndefu kuliko "nuksi imeniandama", na haina utamu wowote. Lakini ina pa kushika, kama jembe lililotiwa mpini.

Onyo: usikisie namba ili umalize haraka. Kama hujui unadaiwa kiasi gani, andika "sijui, nitauliza Jumatatu", na hiyo nayo ni sentensi bora kuliko ya mwanzo.

Hatua ya 4: Rekebisha kitenzi

Chukua kila "siwezi" na "sijui" uliyoandika, kisha jaribu kuisema kwa -ja-: "sijaweza", "sijajua". Herufi mbili tu, lakini zinaliweka jambo kwenye njia ambayo bado haijafika mwisho. Mwanafunzi anayesema "hesabu hazipandi" amejifungia nje ya somo zima, ilhali anayesema "sijaelewa kugawanya sehemu kwa sehemu, kuzidisha naelewa" amempa mwalimu kazi ya dakika kumi na tano.

Kisha chukua kila "lazima" na uone kama inaweza kusemwa "nimechagua, kwa sababu". "Lazima nimchangie binamu harusi" inaweza kugeuka kuwa "nimechagua kumchangia binamu 50,000 kwa sababu baba yake alinisomesha". Ukishindwa kuimalizia sababu, umepata jambo la kufikiria. Na kila "hela imeisha" iandike "nimetumia", kisha orodhesha ulichonunua.

Onyo: -ja- haifai kwa mambo yasiyowezekana. Aliyekatwa mguu hapaswi kuambiwa aseme "sijaweza kukimbia". Huko ni kumtesa kwa sarufi. Kwake swali ni namna ya kufika anakotaka kufika.

Hatua ya 5: Mtenganishe mtu na tatizo lake

Ukiona sentensi yako inasema mtu fulani *ni* kitu, kwa mfano ni mlevi, ni mvivu, ni mkaidi, ni mwongo, ibadilishe iseme anafanya nini, lini, na mbele ya nani. "Mume wangu ni mlevi" haina siku. "Mume wangu anakunywa siku anazolipwa, na siku za katikati ya wiki harudi amelewa" ina siku, na siku ikiwepo mnaweza kukubaliana jambo kuhusu siku hiyo. Katika miaka ya 1980 Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walijenga aina nzima ya unasihi juu ya wazo hili.

Nchini mwetu tunao mfano mkubwa zaidi. Kuna wakati mtu mwenye virusi vya UKIMWI aliitwa "muathirika", na mitaani aliitwa majina mabaya zaidi ambayo sitayarudia. Leo tunasema mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Aliyeathirika ameshaathirika, mazungumzo yanaishia hapo; anayeishi huulizwa anaishije, tarehe yake ya kliniki ni lini, dawa za kufubaza virusi anazimeza saa ngapi. Maneno peke yake hayakumponya mtu. Dawa ndizo zilizofanya kazi, ila ni vigumu kumshawishi mtu ameze kidonge kila siku huku jamii ikimwita marehemu mtarajiwa. Ndivyo ilivyo pia tunaposema mtu mwenye ualbino au mtu mwenye ulemavu, ambapo mtu hutangulia na hali yake hufuata.

Walimu wanisamehe kwa hili, lakini maoni ya "aongeze bidii" kwenye ripoti ya mtoto ni sentensi isiyo na kazi. Mzazi anaisoma, anamgombeza mtoto jioni ile, na muhula unaofuata inaandikwa tena. "Amekosa shule siku tisa, nyingi zikiwa Ijumaa" ingempeleka mzazi moja kwa moja kwenye gulio la Ijumaa ambako mtoto hutumwa kuuza nyanya.

Hatua ya 6: Ukipewa takwimu, zisome pande zote mbili

Hatua hii ni fupi na inahusu zaidi hospitali na mikopo. Ukiambiwa na daktari kwamba katika wagonjwa 100 wa upasuaji huu 10 hufariki, sema kwa sauti: "Kwa hiyo 90 hupona upasuaji huo." Ukiambiwa 90 hupona, sema: "Kwa hiyo 10 hufariki." Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba hata madaktari wenyewe walivutwa na upande uliotajwa, na upasuaji ulipungua mvuto pale ulipoelezwa kwa vifo. Fanya hivyo hivyo kwa mkopo. Anayekuambia "unarejesha elfu tano tu kwa siku" muulize jumla ni kiasi gani hadi mwisho, na umeletewa ngapi mkononi. Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kali, huishi kwa kutaja upande mmoja wa hesabu.

Hatua ya 7: Igeuze sentensi iwe swali lenye mipaka

Swali lianze na "nitafanyaje", litaje kiasi, mtu na siku, na lisivuke wiki mbili. La mama wa ndizi lilikuwa: "Nitafanyaje nipate angalau nusu ya 52,000 kutoka kwa mama lishe watatu kabla ya safari ya Jumamosi, bila kuwapoteza kama wateja?"

Jiulize swali hilo ukijiita kwa jina lako. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake, badala ya kusema "mimi", hutulia zaidi mbele ya jambo linalomtisha. Kama mtaani wanakuita mama au baba wa mtoto wako wa kwanza, jiite hivyo hivyo. Wengine huona haya mara ya kwanza, kisha wanazoea.

Andika majibu yasiyopungua matatu, hata yale mabaya, halafu chagua moja tu. Njia hii ya kutaja matatizo, kuchagua moja na kutafuta hatua inayowezekana ndiyo inayotumiwa na mabibi wa Zimbabwe ambao daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mwaka 2006, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki za Harare. Matokeo ya utafiti juu yao yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba waliopitia mabenchi hayo walikuwa na dalili chache zaidi za msongo na sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hao hawakuwa madaktari. Walijua kusikiliza na kuuliza.

Hatua ya 8: Fanyia mazoezi maneno utakayomwambia mtu

Mwenzako awe ndiye mama lishe, nawe useme. Mama wa ndizi alianza na yale aliyokuwa ameyabeba moyoni: "Mama, wewe unaniua kabisa, unataka wanangu walale njaa?" Mwenzake akamwonyesha kwamba kwa sentensi hiyo mama lishe ana njia mbili tu, kulia au kugomba. Akajaribu tena:

"Habari za kazi, mama. Nimekuja kwa ile mali ya sikukuu, elfu ishirini na nane. Ndiyo inayofanya nishindwe kukuletea ndizi mshare za kutosha. Nikipata elfu kumi na nne leo, Jumamosi nakuletea mikungu miwili asubuhi kabla sijaenda sokoni, na iliyobaki tunamaliza Ijumaa ya wiki ijayo. Unaionaje?"

Tazama yaliyomo: kiasi, sababu, ombi, anachopata mwenzake, na nafasi ya kujibu. Nenda ndani ya siku moja. Ukilala nalo siku tatu, sentensi ya zamani hurudi.

Makosa ya kuepuka

Usilisahihishe tatizo la mtu mwingine asiyekuomba. Mtu aliye msibani anahitaji uketi naye, upike na uchote maji. Maneno yake ya huzuni si kazi yako kuyapanga.

Usitumie njia hii kufunika dhuluma. Mpagazi aliyeshuka Kilimanjaro akapunjwa malipo yake hapaswi kuambiwa kwamba amepata uzoefu. Kusema upya kwa haki kungekuwa: "Nilifanya kazi siku sita, nimelipwa nne, aliyenilipa ni fulani." Sentensi ya kweli zaidi mara nyingine ni kali zaidi, na iwe hivyo.

Usiseme upya kipigo. "Ananipiga kwa sababu ananipenda" ni mfano wa maneno yaliyopambwa ambayo yamezika watu. Anayepigwa aende kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na kwa mtoto anayeteswa ipo namba 116 inayopigwa bila malipo.

Ukikwama

*Nimeandika sentensi mpya lakini siiamini.* Umeruka mbali mno. Mtu anayesema "mimi ni mjinga" hataamini "mimi nina akili sana", na hana sababu ya kuamini. Ataamini "wiki iliyopita nilimsaidia jirani kujaza fomu ya bima". Punguza hadi ufike kwenye jambo ambalo unaweza kulitolea shahidi.

*Nilipoweka namba, hofu imeongezeka.* Hutokea, hasa kwenye madeni, kwa sababu ukungu ulikuwa unaficha. Usiitazame jumla, andika kinachodaiwa wiki hii peke yake na ulifanyie kazi hilo.

*Nyumbani wanasema ninajifanya msomi.* Huenda umeanza kuwasahihisha wengine. Acha. Sahihisha kauli zako mwenyewe, tena kwenye daftari.

*Sentensi ni sahihi lakini hakuna cha kufanya sasa hivi.* Panua muda. Waongoza watalii wa Arusha husema kila Aprili kwamba "kazi hakuna", na ni kweli hakuna, kwa kuwa masika huwapunguza wageni Aprili na Mei kila mwaka. Iandike hivi: "Kila mwaka nina miezi miwili yenye kipato kidogo, na ninaijua kwa majina." Swali lake linahamia Agosti, wakati wageni ni wengi: nitaweka kiasi gani kila safari ili Aprili inikute na akiba?

*Nafanya hatua zote lakini moyo haunyanyuki.* Ukipita wiki mbili hulali au hutaki kula, huoni raha ya chochote, au unawaza kufa, weka daftari chini na uende hospitali. Kwa Moshi kuna Mawenzi na KCMC, kwa Arusha kuna Mount Meru. Kama mawazo ya kufa yamekuja, usisubiri wiki mbili. Nenda leo, na usiende peke yako.

*Tatizo limetatuliwa, kisha limerudi vile vile.* Kuna uwezekano kwamba ulijibu swali la wiki hii na nyuma yake kuna swali lingine. Mama wa ndizi alilipwa 31,000 kabla ya Jumamosi, akanunua mikungu kumi, na mwezi uliofuata mali kauli ikafika tena 40,000. Alirudi Hatua ya 3 akaona kwamba hakuwahi kumkatalia mtu yeyote, kwa kuogopa kuonekana mchoyo. Swali jipya likawa: "Nitafanyaje nikopeshe watu bila mtaji kwenda wote?" Jibu alilochagua ni kwamba kila mama lishe ana kikomo cha 10,000, kimeandikwa kwenye daftari ambalo mteja mwenyewe anatia sahihi, na hachukui mkungu mwingine kabla ya kulipa. Mmoja alinuna akahamia kwa muuzaji mwingine. Wawili wanaendelea naye.